Amidi wetu tumemzika, na lile kaunta buku hakuna aliyelitaja

Mkia wa Taa (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanabarza.

Nimerudi jana kutoka kwenye khitma ya mtu ambaye mliosoma chuo chetu hapa kisiwani Pemba mtamjua bila ya mie kumtaja. Jina lake silisemi na la chuo silisemi, kwani familia haikunituma. Tumwite Amidi tu, yaani mkuu wa kitivo. Neno hilo alilipenda mwenyewe, na "dini" la Kizungu (dean) likimuudhi, akisema dini anayo tayari na hataki ya pili.

Basi pale watu walisema. Mmoja akahesabu vyeo: mwalimu wa msingi, mwalimu wa sekondari, mkufunzi, mhadhiri, mkuu wa idara, amidi vipindi viwili. Mwengine akataja jengo la madarasa lililopatikana wakati wake. Wa tatu akasifu mtaala mpya, ule uliokwenda Tume ya Vyuo Vikuu ukarudishwa, ukaenda tena, ukapita. Watu wakaitikia, masinia ya pilau yakapita, tukatawanyika. Mie nilikuwa nyuma kabisa kwenye jamvi, nikingoja mtu alitaje lile kaunta buku. Wapi!

Nilikaa ofisi yake miaka sita, mwanzo masjala, baadaye karani wake. Kaunta buku lenyewe lilikuwa la kwaya nne, la kawaida, linalouzwa kila duka la vitabu. Kalipiga rula safu nne: tarehe, nani, shida gani, na safu nyembamba ya mwisho isiyo na kichwa. Mwanafunzi akiingia na jambo, linaandikwa pale pale mbele ya macho yake, wino wa buluu. Jambo likisha, Amidi anatia tiki nyekundu kwenye ile safu nyembamba. Na kila Alhamisi baada ya Adhuhuri analifungua tangu mwanzo, anapita na kidole kwenye mistari isiyo na tiki, kisha ananiita.

"Hii ya tarehe tatu vipi?"

"Barua imeshakwenda, mwalimu. Tunasubiri."

"Sikukuuliza barua. Nimekuuliza mtoto wa watu."

Walio nje wanadhani amidi kazi yake ni kuvaa joho siku ya mahafali na kusoma majina. Nakwambieni nusu ya kazi ni alama zilizopotea njiani. Mhadhiri anasahihisha, alama zinaingizwa, zinakwenda idara, zinakuja bodi ya skuli, zinapanda Seneti, ndipo zinatangazwa. Kila kituo pana mlango, na kila mlango pana upenyo. Mtoto kafanya mtihani, kafaulu, lakini jina lake mbele ni tupu, anaambiwa akafanye sapu, mtihani wa marudio, ya kozi aliyopata B. Mtoto huyo ana uso wake maalumu. Anaingia kama mtu aliyeshutumiwa wizi.

Kisha kuna ada. Wazee wetu huku mnajua fedha zinatoka wapi. Mwaka wa karafuu, mtihani unafika na mzee bado yuko juu ya mkarafuu, au karafuu ziko kwenye jamvi zinangoja jua. Karafuu ikipata jua zuri siku nne tano imekauka, unaipeleka kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, unarudi na fedha. Mvua ikikaza, huna kitu, na mtoto jina lake halimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia ukumbi wa mtihani. Katika safu ya shida Amidi alikuwa anaandika maneno mawili tu: *karafuu mbichi*. Nimeyahesabu katika kitabu kimoja, yamo mara kumi na saba. Yote yana tiki.

Sasa nauliza wanabarza. Amidi akiondoka, kilichobaki nyuma yake ni kitu gani hasa? Maana jengo ni la wafadhili, na mtaala miaka mitano mbele unafumuliwa.

---

Urojo Saa Kumi

Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini hebu tuanze na jina la cheo chenyewe. Huku kwetu vitivo vingi vinaitwa skuli, kwa hiyo amidi ni Mkuu wa Skuli. Nenda kijijini ukaseme "mie Mkuu wa Skuli" uone utakavyoulizwa kama nafasi ya darasa la kwanza ipo.

---

Bint Vitongoji

Urojo, unacheka lakini hilo lilimtokea yeye mwenyewe! Alitusimulia darasani. Siku alipoteuliwa mama yake akawatangazia majirani kuwa mwanawe kawa mkuu wa skuli. Kesho yake asubuhi jirani kaja na mtoto kavishwa sare, kashika daftari na kalamu ya risasi, anataka aandikishwe. Anasema hakumvunja moyo yule mama. Alimpeleka mtoto kwa miguu mpaka skuli ya msingi ya karibu akamwandikisha.

Nami nina langu. Nilikuwa mwaka wa tatu, nina mtoto mchanga, nimekosa mtihani wa majaribio. Nilimkuta anakula muhogo na samaki wa kuchoma kwenye karatasi, mlango wazi. Akaniandika kwenye hilo buku na mafuta ya samaki kidoleni. Ukurasa wangu lazima una doa.

---

Mkia wa Taa

Una doa, bibie. Nimeliona.

---

Baharia Mstaafu

Nyie vijana mnazungumza kama chuo kikuu kilikuwepo tangu zama za Seyyid Said. Hebu nikupeni tarehe, maana marehemu tulikuwa rika na njia aliyopita naijua.

Sisi tulipomaliza skuli, Unguja na Pemba hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kulikuwa na ualimu Beit el Ras, chuo kilichokuja kuitwa Nkrumah. Anayetaka shahada anavuka bahari. Wengine Dar es Salaam, wengine Makerere, wengine walipelekwa Urusi, Ujerumani Mashariki, Uchina, Misri. Dar penyewe si pa zamani kihivyo. Palifunguliwa Oktoba 1961 pale Mtaa wa Lumumba na kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi 14, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Pakawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea mwaka 1970.

Kwetu ilianza Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1998 ndipo vikaja viwili vya watu binafsi: Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na cha ualimu Chukwani kilichoanzishwa kwa juhudi za yule daktari wa Kuwait, Abdulrahman Al-Sumait, ambacho sasa kina jina lake. Serikali ikapitisha sheria ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, mwaka 1999, masomo yakaanza 2001. TAKILUKI ikaingizwa humo. Baadaye chuo cha fedha cha Chwaka, cha utalii Maruhubi na cha afya Mbweni navyo vikaunganishwa. Juzi tu, 2023, wamekuja Wahindi wa IIT Madras, chuo cha teknolojia cha kwao, wakafungua Bweleo, na aliyekabidhiwa uongozi ni mwanamke, Preeti Aghalayam, wa kwanza kuongoza kampasi ya IIT.

Nayasema haya kwa sababu moja. Mtu wa umri wa marehemu hakurithi ofisi. Alikuta chumba, meza, na viti ambavyo havijatolewa nailoni. Hapana faili la aliyemtangulia akalifungua kuona mambo yaliendeshwaje. Hilo kaunta buku si ubunifu, ni shida. Alikuwa hana kitu kingine.

Na ukitaka kupima urithi wa amidi, angalia wenzake wakubwa. Ali Mazrui wa Mombasa, yule msomi wa siasa, alikuwa amidi wa sayansi za jamii Makerere miaka ya 1960. Muulize mtu yeyote leo akwambie Mazrui alifanya nini ndani ya kile kiti cha uamidi. Hana habari. Anajua mijadala yake, anajua alivyopambana kwa maneno na Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, anajua aliondoka Uganda wakati wa Amin, anajua kazikwa Mombasa kwao mwaka 2014. Uamidi umeyeyuka. Amidi wa kwanza wa sheria pale Dar alikuwa A. B. Weston. Nani anamkumbuka? Lakini katika wale wanafunzi 14 alikuwamo Julie Manning, akaja kuwa Waziri wa Sheria.

---

Mtoto wa Darajani

Shikamoo Babu Baharia. Historia nzuri, lakini umeniachia upenyo. Kama uamidi unayeyuka hata kwa Mazrui, basi Mkia wa Taa anatupigia ngoma ya nini?

Mie nitasema wazi, na msinichukie. Mfumo unaotegemea kitabu cha mkono cha mzee mmoja ni mfumo mbovu. Alama zisipotee, hapo ndipo tuanzie! Amidi mzuri ni yule ambaye akiondoka mambo hayaendi kombo. Je, yeye alipoondoka? Nani aliendelea na hiyo Alhamisi?

---

Mkia wa Taa

Marahaba kwa niaba ya Babu, maana atachelewa kujibu. Anaandika kwa kidole kimoja.

Darajani, umenishika pabaya na nitajibu kweli. Aliyefuata alikuwa mtu hodari. Akaingiza kila kitu kwenye programu ya kompyuta, mwanafunzi anaona alama zake kwenye simu akiwa kwao, na malalamiko ya alama zilizopotea yamepungua sana. Hilo halina ubishi, na mie ndiye niliyekuwa nikipokea malalamiko. Kaunta buku likafungwa. Hakuna aliyelikataza, lilikosa tu kazi.

Kilichokwisha ni Alhamisi. Programu haikuiti ikakuuliza mtoto wa watu. Sasa mwanafunzi ambaye tatizo lake si alama, ni karafuu mbichi, anaandika wapi? Hakuna kisanduku chake.

---

Baharia Mstaafu

Nimefika. Kidole kimoja lakini kinafika.

Darajani mwanangu, mfano wako bora ni Haroub Othman, tena yeye ni wa kwetu. Profesa wa Dar, Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Angeweza kukaa Mlimani akala jina lake. Akaja akaanzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar mwaka 1992, maana mwananchi wa Makunduchi au Micheweni akionewa hakuwa na wakili wa kumwendea. Kituo kikasomesha wasaidizi wa sheria wakarudi majimboni mwao. Alifariki Juni 2009 hapa hapa Unguja, na kituo kikaendelea. Huo ndio urithi usiotaka mwenyewe awepo. Kwa hilo nakubaliana na wewe.

Lakini si kila mtu ni Haroub. Wengine ni watu wa daftari.

---

Urojo Saa Kumi

"Wengine ni watu wa daftari." Babu, hiyo nitaibandika kwenye kanga.

---

Jiwe la Pili

Nimesoma tangu juu nikajizuia. Sasa nitaharibu hewa kidogo, mnisamehe.

Mie nilidisko, yaani niliondolewa chuo, mwaka wa pili mikononi mwa huyo huyo mnayemlilia. Baba kalazwa Unguja wiki sita, mie ndiye mkubwa, nilikuwa nalala kwenye benchi la wodi. Nikafanya mitihani kama nilivyoifanya. GPA, wastani wa alama, ikawa chini ya 2.0. Nilirudi Pemba na makaratasi ya hospitali, nikafika ofisini siku moja baada ya bodi kukaa. Aliyasoma yote, karatasi baada ya karatasi. Hakuharakisha. Akayapanga, akayagonga ukingo wa meza yakalingana, akanirudishia. Akasema, "Yangekuja juzi."

Ndiyo hayo tu. Nikatoka.

Leo nina duka la vipuri Chake, sina njaa, Alhamdulillahi. Lakini msinipigie hadithi ya tiki nyekundu.

---

Bint Vitongoji

Pole kaka yangu. Lakini bodi ikishakaa, amidi hana mkono. Sheria ndiyo sheria.

---

Jiwe la Pili

Bibie, sheria naijua vizuri sasa, nimeisoma kwa uchungu. Kuna rufaa. Mwanafunzi ana siku kadhaa za kuandika, na jambo linarudi kusikilizwa juu. Mie mtoto wa miaka ishirini na mbili, baba mgonjwa, sikuwa na habari. Yeye alikuwa na habari. Hakunitamkia neno rufaa. Hapo ndipo ninapogombana naye mpaka leo, si kwenye GPA.

---

Mtoto wa Darajani

Duh.

---

Mkia wa Taa

Jiwe la Pili, sina jibu la hilo. Nilikuwa masjala wakati huo, ndani sikuwepo. Nasema ninachokijua tu: alikuwa mkali kwa tarehe kuliko kwa kitu chochote. Mwenyewe siku moja alichelewesha ripoti ya bodi kwa siku mbili, meli haikwenda kwa sababu ya bahari, na akaandika barua ya kujishtaki. Nilimpigia chapa mie mwenyewe. Nikamwambia, mwalimu, bahari hukuichafua wewe. Akasema andika.

Hiyo si kumtetea. Mtu anaweza kujihukumu kwa kosa la bahari na bado asimwambie kijana kuna rufaa.

---

Urojo Saa Kumi

Hapa sina mzaha.

Ila meli umenikumbusha. Nilisafiri naye mara moja kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, kwenda Malindi ya Unguja, kabeba mitihani ya kupelekwa kwa mtahini wa nje. Bahasha za kaki zimetiwa lakiri, zimo kwenye kikapu cha ukili chini ya makuti, kaweka mananasi juu! Anasema mwizi ataiba begi, kikapu cha mananasi cha mzee hakishughulikii. Safari nzima kakiweka baina ya miguu. Watu wanatapika kulia na kushoto, yeye hakuinuka hata kwenda kujimwagia maji usoni. Tulipofika akanipa nanasi moja, akaniambia, "Wewe ni shahidi kuwa hazikufunguliwa." Nanasi lilikuwa bichi.

---

Mkia wa Taa

Kikapu hicho nakijua!

Sasa niseme kilichonifanya nianzishe uzi. Alipostaafu vitabu vilikuwa vinne. Vitatu vilibaki stoo ya ofisi, mchwa wamevifikia viwili. Kimoja alikwenda nacho nyumbani, na juzi baada ya khitma mkewe kanikabidhi, kasema "hichi chenu". Ni cha mwisho. Nimekipitia usiku wote kama alivyokuwa akifanya, kwa kidole. Kina mistari kumi na moja isiyo na tiki. Mengine nakumbuka yaliishaje, ni yeye tu alikwisha kuondoka. Mmoja sikumbuki kabisa. Jina silitaji, imeandikwa: *wa Kojani, fonolojia, alama hazionekani, kenda kwao kuvua*. Mwezi wa mwisho kabla ya kustaafu. Pembeni kaandika kwa penseli, *atafutwe*.

Kama kuna mtu wa Kojani humu anayemjua, aulize yalimalizikaje.

---

Mshipi Mrefu

Mie huwa nasoma tu, siandiki. Huyo ni mie.

Alama zilionekana. Zilikuwa zimeingizwa kwa mtu mwenye jina kama langu, Kojani majina yetu ni hayo hayo. Lakini hamjui vipi zilionekana. Mie nilishakata tamaa, niko dago, kambi ya wavuvi, simu hakuna. Siku hiyo tumepwelea, tunatia samaki chumvi, naona mtu kashushwa na mashua, suruali kakunja magotini, viatu mkononi. Mzee keshastaafu huyo! Hana ofisi, hana gari, hana karani. Kaja kuniambia nina B na nirudi nikachukue cheti. Tulimpa changu wawili, akakataa, kisha akachukua mmoja.

Mtie tiki.

---

Bint Vitongoji

Subhanallah. Nimelia ofisini kwa watu.

---

Mkia wa Taa

Nimetia. Kalamu nyekundu sikuwa nayo, nimeazima kwa binti yangu wa darasa la sita.

---

Baharia Mstaafu

Tarehe uweke ya leo, usiweke ya wakati ule. Mwenyewe angekugombeza.

---

Mkia wa Taa

Nimeweka ya leo, Babu.

---

Jiwe la Pili

Hivyo vilivyobaki stoo. Miaka gani?

---

Mkia wa Taa

Kimoja kizima ni cha mwaka wako. Mchwa hawajakifikia.

---

Jiwe la Pili

Na mie nimo?

---

Mkia wa Taa

Umo. Wengine wote wana mstari mmoja, wewe una ukurasa. Tiki hauna. Siuandiki hapa, ni wako, uje uusome mwenyewe. Nipo Wete, nyumba ya pili baada ya msikiti, uliza nyumba ya karani.

---

Jiwe la Pili

Jumamosi nikishafunga duka nitapanda gari. Nasoma, naondoka. Usinipikie.